Mpiga Kura Anayehama: Daftari la Kudumu na Uboreshaji wa Taarifa katika Tarafa ya Turiani, 2004–2025

Historia ya uchaguzi nchini Tanzania aghalabu imeandikwa kwa kuangalia vyama, wagombea na matokeo. Daftari la wapiga kura, ambalo ndilo mlango wa kuingilia kituoni, limepewa nafasi finyu. Sehemu hii inachunguza kipengele kimoja cha daftari hilo, yaani uboreshaji wa taarifa za mpiga kura aliyehama au aliyebadili jina. Tarafa ya Turiani, wilayani Mvomero, inafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu sehemu kubwa ya uchumi wake hutegemea watu wanaokuja na kuondoka. Hoja kuu ni kwamba kudumu kwa daftari kulihamisha mzigo wa kuthibitisha makazi kutoka kwa Tume kwenda kwa mpiga kura mwenyewe.

Katika chaguzi za vyama vingi za 1995 na 2000, wapiga kura waliandikishwa upya kabla ya kila uchaguzi. Utaratibu huo ulikuwa na gharama na kasoro zake, lakini ulikuwa na faida moja isiyotajwa sana: aliyehama aliandikwa pale alipokutwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliweka msingi wa Daftari la Kudumu. Uandikishaji ukaanza 2004 na daftari likatumika katika uchaguzi wa 2005. Tangu hapo, jina lilibaki lilipoandikwa hadi mwenyewe ajitokeze kulihamisha. Mwaka 2015, teknolojia ya alama za vidole ilipoanza kutumika, wapiga kura wote waliandikishwa upya, na kwa hiyo uhamaji wa miaka kumi ukasawazishwa kwa mara moja. Mazoezi ya 2019–2020 na 2024–2025 hayakuanza upya, yaliboresha kilichokuwepo.

Athari za mabadiliko hayo huonekana wazi Turiani. Chini ya milima ya Nguru, mashamba ya miwa ya Mtibwa na kiwanda chake yamevuta vibarua kutoka ndani na nje ya Mkoa wa Morogoro. Ukataji wa miwa hukatizwa na mvua za masika, na wapo vibarua wanaorejea kwao wakati huo. Uboreshaji wa daftari mkoani humo ulifanyika Machi 2025 kwa siku saba, yaani masika yalipokuwa yakikaribia. Kalenda ya Tume na kalenda ya shamba hazikupangwa kwa kutazamana.

Waliotakiwa kufika kituoni, mbali na waandikishwaji wapya, walikuwa waliohama kata au jimbo, waliopoteza kadi au ambao kadi zao ziliharibika, na waliohitaji kurekebisha taarifa kama jina. Katika awamu hiyo, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliruhusu mpiga kura aliyemo daftarini kuanzisha maombi kwa mtandao, ingawa alipaswa kukamilisha kituoni. Ni muhimu kutofautisha makundi haya. Mwanamke aliyechukua jina la mume baada ya ndoa hukabiliwa na suala la utambulisho. Kibarua aliyehama hukabiliwa na suala la uwakilishi. Asipohamisha taarifa, kibarua huyo ama husafiri kwenda kumchagua diwani wa kata asiyoishi tena, ama hapigi kura kabisa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 unaongeza utata. Uchaguzi huo ulitumia orodha tofauti, iliyoandaliwa upya Oktoba 2024 kwa kuzingatia ukazi wa kitongoji. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa mkazi halali wa kijiji mwezi Oktoba, akamchagua mwenyekiti wake, ilhali Daftari la Kudumu likiendelea kumtambua kama mpiga kura wa wilaya nyingine. Vitabu viwili vya dola vilijibu kwa namna mbili swali moja: mkazi ni nani?

Haifuati kwamba daftari lisilodumu lingekuwa bora. Daftari la kudumu hurahisisha kubaini waliojiandikisha zaidi ya mara moja. Kinachofuata ni tahadhari ya kiutafiti. Katika maeneo ya uchumi wa msimu, idadi ndogo ya wapiga kura haipaswi kusomwa moja kwa moja kama kutojali siasa. Huenda aliyekosekana kituoni yuko shambani, na jina lake limebaki alikotoka.