Saa Nne Kasoro Tano, Tokyo

Kila siku ya kazi, ifikapo saa nne kasoro dakika tano asubuhi, benki kubwa za Tokyo huangalia dola inauzwaje sokoni, kisha kila moja hupanga bei yake ya siku, iitwayo nakane. Mteja wa dirishani anayetaka dola kwa kawaida huongezwa yeni 1 juu ya bei hiyo. Anayeleta dola hukatwa yeni 1. Bei haiguswi tena hadi kesho yake, labda soko lichafuke kweli kweli.

Dakika hiyo imezaa mbinu ambayo wanagenzi wengi wa biashara ya sarafu nchini Japani huijaribu mapema. Kampuni za huko zina desturi ya kulipana katika tarehe zinazoishia na 5 au 0, siku ziitwazo gotobi. Waagizaji wa mafuta na ngano hudaiwa kwa dola, kwa hiyo maagizo yao hurundikana benki kabla ya saa ile. Benki nazo huingia sokoni kutafuta dola, na bei hupanda kidogo. Mwanagenzi huambiwa: nunua dola asubuhi na mapema, uza kabla ya saa nne kasoro tano, zima kompyuta. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi kasoro tano usiku, usingizi ukiwa mtamu.

Saa kuipa bei amri ni mambo ya zamani huko. Mwaka 1730 shoguni Tokugawa Yoshimune aliidhinisha soko la mchele la Dojima, mjini Osaka, ambako watu waliuziana mchele wa miezi ya mbele bila hata kuuona. Utambi uliwashwa. Ulipozimika, bei iliyokuwapo wakati huo ndiyo ilihesabiwa, na soko likafungwa. Wafanyabiashara waliong'ang'ania kuendelea walimwagiwa maji na watumishi wa soko mpaka watawanyike.

Sarafu zilichelewa kumfikia mtu wa kawaida. Dola ilifungwa kwenye yeni 360 tangu 1949 hadi 1971, na hata bei ilipoachiwa huru mwaka 1973, biashara ya fedha za kigeni ilibaki mikononi mwa benki zenye kibali. Sheria mpya iliyoanza kutumika Aprili 1, 1998 ndiyo iliyofungua mlango. Madalali wa mtandaoni walifuata, nao wakawakuta kina mama wa nyumbani, ambao katika familia nyingi za Kijapani ndio hushika mkoba na kumpa mume posho yake ya mwezi. Waandishi wa nje wakawabatiza wote jina moja, Mama Watanabe.

Kilichowaumiza wengi zaidi kilikuwa mkopo wa dalali. Baadhi ya madalali walimruhusu mteja kucheza na mara 100 ya fedha zake, hata zaidi. Mwenye yeni 100,000 alishika biashara ya yeni milioni 10, na bei ikimgeuka kwa asilimia 1 tu, mtaji wote umekwenda. Serikali ilishusha kikomo hadi mara 50 Agosti 2010, kisha mara 25 mwaka mmoja baadaye.

Na ile saa yenyewe? Wachumi Takatoshi Ito na Masahiro Yamada waliichunguza, wakakuta kwamba bei iliyotangazwa na benki ilielekea kuwa juu ya bei ya wastani ya soko katika dakika zilezile. Benki ndizo zinazojua maagizo ya waagizaji. Mwanagenzi anajua tarehe tu, na hata upandaji ukitokea, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza humega sehemu ya kile kidogo alichopata. Anaingia mchezoni akiwa na kalenda, mwenzake ana daftari la wateja.

Kuna saa nyingine ambayo kalenda haikuionyesha. Januari 3, 2019, baada ya saa moja na nusu asubuhi, Japani ikiwa bado katika mapumziko ya mwaka mpya, yeni iliruka ghafla. Ndani ya dakika chache dola ilishuka kutoka karibu yeni 109 hadi chini ya 105, na biashara za wateja wengi wadogo zikafungwa zenyewe kwa hasara. Benki za Tokyo hazikupanga bei siku hiyo. Zilifungua milango kesho yake, Ijumaa.