MGONGO WAZI: Siyo Gauni, ni Samaki! Cheki Jina Hili Lilikotoka

Ukisikia "mgongo wazi", akili inakimbilia gauni la staa fulani kwenye usiku wa tuzo, si ndiyo? Sasa nenda Kisumu, mtaa wa Obunga, ulitaje jina hilo. Utaonyeshwa karai la mafuta ya moto na samaki ndani yake.

Tena siyo samaki mzima. Ni sangara, yule ambaye Wakenya wanamwita mbuta, akiwa ameshatolewa minofu pande zote mbili kiwandani. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mgongo uko wazi kweli kweli, hakuna kilichofichwa!

Sangara mwenyewe ni mgeni Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Hapo ndipo viwanda vya minofu vikaanza kuota upande wa Kenya, na miaka ya 1990 vikashamiri Mwanza. Minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya.

Kasheshe likamwangukia mama muuza samaki. Zamani alikuwa anamnunua mzima pale mwaloni. Sasa anagombea bei na kiwanda chenye wateja wa ng'ambo, atawezea wapi? Akageukia kile ambacho kiwanda hakikitaki. Ananunua mifupa kwa mzigo, anaianika juani, anaikaanga na kuiuza mtaani kwa bei ambayo jirani yake anaimudu. Na wanaojua kula wanakwambia kichwa ndiyo penyewe, nyama ya mashavuni haina mpinzani.

Tanzania mabaki hayo hayo yanaitwa mapanki. Mwaka 2004 filamu ya "Darwin's Nightmare" iliyachukua kutoka Mwanza ikayaonyesha duniani, na mwaka 2006 ugomvi ukawa mkubwa: serikali ikalalamika kwamba nchi imechafuliwa. Watu wakabishana kuhusu picha, huku akina mama wakiendelea kukaanga, maana watoto walikuwa wanasubiri ada.

Kwa hiyo ukikutana na mgongo wazi mezani, usicheke. Nyama yake ilishasafiri, na jina linakwambia hivyo bila kuficha. Kilichobaki kimelisha mtaa na kusomesha watoto. Kwenu mnamwitaje?