Tom Mboya, Fundi wa Kampeni

Wakenya wengi wakimtaja Tom Mboya huanza na ufasaha wake jukwaani, au na ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani kuanzia mwaka 1959. Yote mawili yanastahili kukumbukwa. Lakini kilichomtofautisha na wenzake ni kazi isiyopigiwa makofi: kuandikisha wanachama, kukusanya ada, kuweka matawi hai na kujua mapema kura ziko wapi. Naamini kizazi cha uhuru nchini Kenya hakikuwa na mpangaji wa kampeni aliyemfikia.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Alikulia miongoni mwa watoto wa makabila mengine, akajua Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kiluo. Kwa mwanasiasa wa Nairobi, huo ulikuwa mtaji mkubwa kuliko cheti chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Siku moja akiwa ofisini peke yake, mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu humo. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Wakaguzi Waafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Wazungu kwa kazi ileile, na malalamiko hayo ndiyo yaliyomwingiza katika chama cha wafanyakazi. Kufikia mwaka 1953, wakati KAU, chama cha siasa cha Waafrika, kimepigwa marufuku na wanasiasa wengi wako kizuizini, alikuwa akiongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Huko ndiko alikojifunza ufundi wake: kadi, ada, matawi, na wawakilishi wanaowajua watu wao kwa majina.

Uchaguzi wa Machi 1957 wa viti vya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ulimpa nafasi ya kuujaribu. Kura haikuwa ya kila mtu. Mwafrika alipaswa kutimiza masharti ya elimu, kipato au mali, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa cheti cha utiifu kwa serikali. Mpinzani wake, wakili Argwings-Kodhek, alikuwa na jina kubwa kwa kuwatetea mahakamani walioshtakiwa kwa Mau Mau. Mboya, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka masomoni Oxford, alimshinda kwa tofauti ndogo.

Baada ya hapo alijenga chama cha Nairobi People's Convention Party, kwa kuwa wakoloni waliruhusu vyama vya wilaya peke yake. Mikutano yake ya hadhara ilijaza watu, gazeti lake liliitwa *Uhuru*, na jina la Kenyatta, aliyekuwa bado kifungoni, likawa wito wa kampeni. Machi 1959 polisi waliwakamata viongozi kadhaa wa chama hicho alfajiri.

Chama cha kitaifa cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, Mboya akiwa katibu mkuu, baadhi ya vigogo wa chama hichohicho hawakumtaka. Mwaka 1961 aligombea Nairobi Mashariki, ambako Wakikuyu walikuwa wengi, akipambana na Dkt. Munyua Waiyaki. Alipata karibu kura tisa katika kila kumi. Kila nikisikia ikisemwa kuwa siasa ya Kenya ni kabila tu, huyarudia matokeo hayo.

Lakini kazi yake iliyokamilika kuliko zote ndiyo inayoniuma. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, nafasi ya makamu wa rais wa chama, iliyoshikwa na Oginga Odinga, ilifutwa na kugawanywa nane, moja kwa kila mkoa na moja kwa Nairobi. Odinga alijitoa na wafuasi wake wakajiunga na chama kipya cha upinzani, KPU. Bunge likapitisha haraka marekebisho ya katiba: mbunge akihama chama kilichompa kiti, arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikagombewa Juni. KPU ilipata kura nyingi zaidi kwa jumla, lakini viti tisa tu. Aliyeandaa mambo kwa ustadi huo ni Mboya, na aliyenufaika zaidi ni Rais Kenyatta na waliomzunguka.

Odinga alipokwisha kuondolewa njiani, watu hao walimgeukia Mboya. Mwaka 1968 katiba ilirekebishwa tena, wakati huu kuhusu urithi wa urais. Lilitolewa pendekezo kwamba rais asiwe na umri chini ya miaka 40, ilhali Mboya hakuwa amefika hapo. Mwishowe ikawa 35. Bunge, ambako alikuwa na nguvu, lilinyang'anywa uwezo wa kumchagua mrithi rais akifariki. Hata nyumbani Nyanza mambo yalimwendea kombo: Mei 1969 aliongoza kampeni ya KANU katika uchaguzi mdogo wa Gem, na KPU ikashinda.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo. Aliyemtuma hajawahi kushtakiwa. Oktoba KPU ilipigwa marufuku, na Desemba wapiga kura wakawekewa wagombea wa KANU peke yao. Sharti la mbunge kupoteza kiti akihama chama limo hadi leo katika Katiba ya 2010, ibara ya 103.