Mikuki, visu na mishale ya Mbulu na Hanang

Silaha za chuma za wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hutumiwa na jamii ambazo lugha zao hazina undugu: Wadatoga, wakiwemo Wabarbaig, wenye lugha ya Kinailoti; Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi; na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu. Ni kawaida kuzigawa kwa kabila: mkuki wa Kibarbaig, mshale wa Kihadzabe. Mgawanyo huo humtaja mtumiaji na kumsahau mfuaji. Ukianzia kwa mfuaji, unakuta urithi mmoja wenye wenyewe wengi.

Kwa Wadatoga, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga. Mhunzi huvukuta moto wa mkaa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akafua misumari na vyuma chakavu. Makufuli ya shaba huyeyushwa yakawa bangili. Katika moto huohuo hutoka mkuki wa mchungaji, kisu cha nyumbani na kigumba ambacho mwindaji Mhadzabe hukilipia kwa asali au nyama. Wahadzabe hugonga msumari bila moto wakapata kigumba chepesi, lakini kwa kazi ya moto humtegemea mhunzi Mdatoga. Chuma chakavu hakiharibu hoja hii, kwani kinachorithishwa ni ujuzi wa mkono, wala si asili ya madini.

Huenda mtu akapinga kwamba kila jamii ina maana yake. Ni kweli: kwa Wabarbaig, aliyeua simba au tembo kwa mkuki alitunzwa ng'ombe na jamaa zake, hali mshale wa Mhadzabe ni riziki ya kila siku. Lakini tofauti ya maana haivunji ushirika wa ufundi. Mfano ni Indonesia, ambako jambia la keris huheshimiwa Java, kwenye Waislamu wengi, na Bali, kwenye Wahindu wengi, kila upande kwa ibada na mapambo yake. Hata hivyo UNESCO ililitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa Indonesia nzima.

Pingamizi zito zaidi latoka kwenye hadhi ya mhunzi. Mfua keris, yaani empu, hupewa heshima kubwa. Mhunzi wa Gidang'odiga hudharauliwa, na Wadatoga wengine huepuka kuoana na ukoo wake. Je, kazi ya mtu aliyetengwa inaweza kuwa mali ya wote? Inaweza, kwa kuwa mwiko huo unazuia ndoa, hauzuii biashara: wanaomkataa kama mkwe bado wanamhitaji kama fundi. Kwa hiyo maelezo ya silaha hizi yanapaswa kumtaja mhunzi kwanza, ndipo wafuate wateja wake. Kusifu mkuki kwa jina la kabila pekee ni kuendeleza dharau ileile kwa lugha ya heshima.