Maji ya mara ya pili: historia ya bidoni ya maji mjini Goma

Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza anashangaa. Mji umekaa kando ya Ziwa Kivu, mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, lakini kila asubuhi barabara zimejaa mama na watoto wenye bidoni za manjano. Sababu iko chini ya miguu yetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Maji ya mvua hayakai juu ya mawe hayo, yanapenya katika nyufa na kupotea. Kuchimba kisima ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo maji ya mji yanatoka ziwani, yanasukumwa na pampu kwenda kwenye matangi ya juu, kisha yanashuka katika mabomba ya Regideso, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1939. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Pampu ikisimama, robine inakauka.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Goma maji hayamwagwi baada ya kutumika mara moja. Maji ya kusuuza nguo yanawekwa kando yafue nguo nyingine zenye uchafu zaidi. Maji ya kufulia yanasugua sakafu. Yanayobaki yanakwenda chooni. Wengine wanadhani desturi hii ililetwa na mashirika ya misaada. Hapana. Mama zetu walikuwa nayo kabla ya semina. Ila kila janga lililopita hapa liliiongezea somo, na masomo mengine tuliyalipa kwa maisha ya watu.

Tuanze na mwaka 1977. Tarehe 10 Januari ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilipasuka ubavuni mwa mlima na kushuka kwa kasi. Liliua watu na kuunguza vijiji. Mwaka uliofuata, 1978, kipindupindu kikafika mashariki mwa nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaïre. Tangu hapo hakijatuacha. Kinalala, kinaamka, hasa kandokando ya maziwa na mahali watu wamebanana bila choo.

Somo kubwa zaidi lilikuja Julai 1994. Ndani ya siku chache mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma. Wengi walipelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Kibumba ilikuwa mbali na ziwa. Mawe ya volkano yalikataa jembe: hakukuwa na namna ya kuchimba vyoo haraka, wala makaburi. Watu walikunywa maji ya ziwa jinsi yalivyo. Katika wiki ya kwanza maji safi yaliyoweza kugawanywa hayakufika hata nusu lita kwa mtu kwa siku. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Dunia ilitetemeka kwa aibu. Kutokana na msiba ule, mashirika ya misaada yalikaa pamoja kuanzia mwaka 1997 na kuandika kanuni zinazoitwa Sphere. Ndani yake kuna kipimo ambacho kila mhami amekisikia: lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Leo kipimo hicho kinatumika pande zote za dunia, lakini sehemu ya mizizi yake iko hapa kwetu.

Tufanye hesabu. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90 kwa siku, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Bidoni moja iliyojaa ina kilo 20. Familia ikipata bidoni tatu tu, imebaki na lita 60, yaani lita 10 kwa kila mtu. Hapo ndipo maji ya mara ya pili yanapopata thamani. Ikiwa sakafu na choo vinatumia maji yaliyokwisha kufua, nyumba inaweza kuokoa bidoni moja kwa siku. Kwa mwezi ni bidoni 30 ambazo hazikununuliwa, au ambazo mtoto wa kike hakuzibeba mgongoni badala ya kwenda shule.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilirudi. Safari hii moto uliingia mjini, ukakata Goma vipande viwili, ukateketeza katikati ya mji na kufika ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Waliporudi, wengine jiwe likiwa bado na joto, mabomba yalikuwa yamefunikwa. Ziwa likawa tena robine ya wote. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Moto ulisimama kabla ya uwanja wa ndege, lakini uliharibu mitambo na mabomba ya maji, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji.

Halafu vita. Tangu mwaka 2022 wahami kutoka Rutshuru, Nyiragongo na baadaye Masisi walijaa Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo na Lushagala. Wengi walitoka katika vilima vyenye chemchemi, ambako maji hayahesabiwi. Katika hema la turubai walijifunza kuhesabu kikombe. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni kama mwaka 1994. Mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, familia zikatawanyika.

Historia hii inatuonyesha jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau. Goma haina mtandao wa mabomba ya kukusanya maji machafu. Maji tunayomwaga uani yanapenya mawe au yanatiririka na mvua, na mwisho wa safari mengi yanaelekea ziwani, ziwa lile lile tunalochota. Kwa maneno mengine, sisi tunatumia maji yetu mara ya pili hata tusipopenda. Tofauti ni hii: nyumbani tunaweza kuchagua njia yake, lakini ziwani hatuchagui.

Ndiyo maana desturi hii ina sheria zake, na sheria ya kwanza ni kwamba maji yanashuka, hayapandi. Kutoka kusuuza yaende kufua, kutoka kufua yaende sakafuni, kutoka sakafuni yaende chooni. Yasirudi kamwe kwenye sufuria, sahani au mdomo, hata yakionekana meupe. Chujio la mchanga na changarawe linaondoa povu na tope, lakini haligeuzi maji ya kufulia kuwa ya kunywa.

Ya pili: maji yaliyofua nguo za mtoto mwenye kuhara, au za mgonjwa yeyote wa tumbo, hayana mara ya pili. Yaende chooni moja kwa moja, na beseni lioshwe kwa maji yenye klorini. Katika hema lenye watu kumi, beseni moja linatosha kuangusha wote.

Ya tatu: maji yaliyotumika yasilale. Yatumike siku ile ile. Yakikaa yananuka, yanazalisha vijidudu na kuvuta mbu. Na bidoni yake iwe na alama, kamba au rangi, ili mtoto asichanganye.

Ya nne ni kwa wale wanaopanda lenga-lenga katika viloba, maana udongo wetu ni mchache. Maji ya kunawia na ya kusuuza yenye sabuni kidogo yanafaa, lakini mwagieni chini kwenye shina, si juu ya majani, na mboga ipikwe vizuri. Maji yenye javeli yanaua mmea.

Mtauliza: na mvua je? Mvua ni zawadi, lakini karibu na Nyiragongo ina jambo lake. Moshi wa volkano unachanganyika nayo na kuipa fluori, kitu kinachoharibu meno ya watoto kikizidi. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo, pale moshi unapoelekea, maji ya mvua yafue na kusafisha, na ya kunywa yatafutwe kwenye robine au kwenye vituo vya klorini kando ya ziwa. Ukitiliwa klorini katika bidoni, subiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Hata hivyo, busara ya mama isiwe kisingizio cha wakubwa. Nyumba inayotumia maji mara mbili haijaondoa deni la wale wenye kazi ya kuleta maji. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu 1994, na bado katika mitaa mingi maji yanafika kwa bidoni na chukudu. Pampu inahitaji umeme wa kudumu, mabomba yanahitaji kufika juu kwenye mitaa mipya, na kila penye mapigano mitambo ya maji inapaswa kuachwa salama. Sheria za vita zenyewe zinakataza kuishambulia.

Kwenu ndugu mliorudi Sake, Masisi na Rutshuru: mmekuta chemchemi yenu, labda imebomoka, labda imezungukwa na majani. Itengenezeni kwanza, na choo kiwe mbali nayo, upande wa chini wa mteremko. Lakini ile desturi ya beseni mliyoishika kambini msiiache. Wafundisheni watoto ngazi ya maji, na wafundisheni pia ni wapi inapokoma.