Saa ya Kula na Nguvu za Mwili

Katika mambo ambayo mwanadamu hayakosi, hakuna yaliyo ya kale kama kula na kulala. Lakini mambo haya mawili yanapokaribiana, yaani mtu anapokula kisha akaenda kulala, mabishano huzuka. Wako wasemao kwamba chakula cha usiku hugeuka mafuta tumboni. Na wako wasemao kwamba asiyekula kabla ya kulala hapati misuli. Mabishano haya husikika katika ufuko wa Shelly Beach, upande wa Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, ambako vijana hukimbia mchangani maji yakitoka, na kunyanyua vyuma ambavyo aghalabu si vyuma hasa, bali ni saruji iliyomiminwa katika makopo. Shabaha yao ni kupunguza mafuta na kuongeza misuli. Swali lao ni hili: je, mtu mwenye shabaha hiyo ale usiku au asile?

Nia ya insha hii ni kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Maswali mengi tunayoyadhani kuwa mapya yamekwisha kuulizwa na watu wengi kabla yetu, na majibu yao yamepimwa yakaonekana yapi yana uzito na yapi hayana. Mwanafunzi ajuaye safari ya swali hapotezwi upesi na kila mwenye jibu la mkato.

Na tuanze na pwani yetu wenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alipita katika bahari yetu. Alipofika Mogadishu alistaajabu kuona kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha watu kadhaa, na akaandika kwamba watu wake walikuwa wanene wa miili. Baadaye alifika Mombasa, akalala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea na safari yake ya Kilwa, akatuachia habari kwamba chakula kikuu cha watu wa kisiwa kile kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka zao zililetwa kutoka bara. Maneno haya ni machache, lakini yafaa kutazamwa vizuri. Alipotaka kueleza unene wa watu wa Mogadishu, msafiri huyu alitaja wingi wa chakula chao, wala hakutaja saa waliyokula.

Pwani hii ina jaribio jingine ambalo hurudi kila mwaka, nalo ni mwezi wa Ramadhani. Kwa karne nyingi Waislamu wa Mombasa na Likoni wamefunga mchana na kula usiku. Jua likizama hufuturu kwa tende, uji, viazi vya nazi, mihogo na kaimati. Baada ya sala ya tarawehe wengine hula tena. Na kabla ya alfajiri huamka kula daku, kisha wengi hurudi kitandani. Kama kula usiku peke yake kungetosha kumnenepesha mtu, basi kila Idi mji mzima ungeamka mnene. Lakini mambo hayawi hivyo. Vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimeonyesha kwamba, kwa wastani, wafungaji hupungua uzito kidogo, nao huurudisha baada ya mwezi kwisha. Apunguzaye kiasi hupungua, hata kama hula gizani. Na azidishaye sambusa na vitamu huongezeka, ingawa mchana kutwa hakutia kitu kinywani.

Mafunzo ya namna hii watu waliyaona kwa macho tangu zamani, lakini kuyaona si sawa na kuyapima. Mtu wa kwanza kuyatia katika mizani kwa uvumilivu mkubwa alikuwa tabibu Santorio Santorio, aliyefundisha katika chuo cha Padua, Italia. Alitengeneza kiti kilichoning'inizwa katika mizani, akawa akijipima mwenyewe, chakula alichokula, na kila kilichotoka mwilini mwake. Alifanya hivyo kwa muda wa miaka 30 hivi, na kitabu chake kilitoka mwaka 1614. Aligundua kwamba uzito wa vitu vilivyotoka na kuonekana ulikuwa mdogo sana kuliko uzito wa vyakula na vinywaji vilivyoingia. Sehemu kubwa ilipotea bila kuonekana, kwa jasho na pumzi. Santorio hakujua yote tunayoyajua leo, lakini alituachia kanuni njema: mwili una hesabu ya mapato na matumizi, na hesabu hupimwa, haikisiwi.

Hesabu hiyo ilikamilishwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Wilbur Atwater na wenzake walijenga chumba kidogo katika mji wa Middletown, ambamo mtu alikaa siku kadhaa, usiku na mchana, akila, akifanya kazi na kulala, huku joto la mwili wake na hewa aliyovuta vikipimwa. Ikaonekana kwamba nguvu zilizoingia kwa chakula zililingana na nguvu zilizotumika, pamoja na zile zilizowekwa akiba mwilini. Kutoka kwa kazi yake tumerithi vipimo vinavyotumika hata sasa: gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kalori 4 hivi, na gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Akiba ya mwili, ambayo kwa wengi wetu ndiyo mafuta ya tumboni, huongezeka mapato yanapozidi matumizi siku baada ya siku. Wala mwili haulali kazi zake mwenyewe alalapo. Moyo hupiga, mapafu huvuta hewa, na nyama zilizochoshwa na kazi hutengenezwa upya.

Lakini kalori si habari yote, kwa maana misuli haijengwi kwa nguvu za moto peke yake. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Kenya, wakati wa ukoloni. Mwaka 1931 ilitolewa taarifa ya Dakta Gilks, aliyekuwa mkuu wa utabibu katika koloni, na John Boyd Orr wa Scotland, ambaye mwaka 1949 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Walilinganisha Wamasai, ambao chakula chao kilikuwa hasa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, ambao walikula zaidi nafaka, mizizi na matunda. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kwamba nguvu za misuli yake zilizidi kwa nusu nzima.

Taarifa hiyo ilisifiwa sana, lakini wanahistoria waliokuja baadaye wameihoji kwa haki. Je, tofauti ile ilitokana na chakula peke yake? Wakikuyu wa siku zile walikuwa wamenyang'anywa sehemu ya ardhi yao, na wengi walikuwa vibarua waliokula posho ya mwajiri. Tena mila za jamii mbili, na urefu wa watu wake, haziwezi kuelezwa kwa sahani moja. Hata hivyo maana moja ilibaki imara: mwili unaotakiwa kuwa na misuli lazima upewe protini. Wamasai wenyewe hawakungoja kuambiwa na madaktari. Morani wao walikuwa na desturi ya olpul, yaani kwenda porini na ng'ombe, wakamchinja na kumla nyama pamoja na supu ya magome na mizizi, mpaka walipoona wamejaa nguvu.

Baada ya kujua kiasi na aina ya chakula, wataalamu waligeukia saa. Uholanzi, katika chuo kikuu cha Maastricht, vijana 44 walifanya mazoezi ya kunyanyua vyuma kwa majuma 12, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Kundi moja lilipewa kila usiku, kabla ya kulala, kinywaji chenye gramu 27.5 za protini. Kundi la pili likapewa kinywaji kisicho na chakula ndani yake. Wote waliongezeka, lakini waliokunywa protini walizidi kwa misuli na kwa nguvu. Habari hii imewafanya wengi kusema, "Kula kabla ya kulala ndiyo siri." Hapa mwanafunzi wa historia na ajizuie kidogo. Kundi la kwanza lilipata protini nyingi zaidi kwa siku nzima kuliko la pili. Je, lililofaa ni saa au ni kiasi? Jaribio lile haliwezi kututenganishia mambo hayo mawili. Lilithibitisha, hata hivyo, kwamba mwili uliolala hupokea chakula na kukitumia, na kwamba chakula cha usiku si adui wa misuli.

Wako pia walioona upande mwingine, na haifai kuwaficha. Jaribio la Boston lililotangazwa mwaka 2022 lilihusu watu 16 wenye uzito uliozidi. Walipokula chakula kile kile kwa kuchelewa saa 4, njaa yao iliongezeka, na nguvu zilizotumiwa na miili yao zilipungua kidogo. Lakini Israeli, mwaka 2011, polisi 78 waliokuwa wanene waliwekwa katika mpango wa kupunguza chakula kwa miezi 6; waliokula sehemu kubwa ya wanga wao usiku walipungua zaidi kuliko wenzao waliougawa katika mchana. Basi saa ina athari, lakini athari hiyo ni ndogo, tena haielekei upande mmoja kwa watu wote. Kiasi cha chakula na kazi ya mwili ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa.

Sasa turudi Likoni tukiwa na mizani mkononi. Mtu wa Likoni mwenye kibarua kisiwani hatengi saa ya kula apendavyo. Humaliza kazi jioni, hungoja feri, huvuka, hufika kwao jua limezama au linazama. Akienda ufukoni kufanya mazoezi, chakula chake hakiwi tayari kabla ya saa 2 au saa 3 za usiku. Kijana huyu akiambiwa, "Usile baada ya saa 12 za jioni," ameambiwa kwamba baada ya kazi ya mchana na mazoezi ya jioni alale na njaa. Mwili wake utakosa kitu cha kujengea, naye ataamka mnyonge; na mnyonge huyo asubuhi hula mandazi mengi kuliko alivyokusudia. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtu mwenye gari na jiko la karibu imemdhuru mtu wa feri.

Yamfaa nini basi? Kwanza, ahesabu chakula cha siku nzima. Atakaye kupunguza mafuta apunguze kidogo, hasa yale yanayokaangwa, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Pili, ahifadhi protini. Wataalamu waliokusanya majaribio 49 mwaka 2018 waliona kwamba gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku yatosha kwa mnyanyua vyuma. Mtu wa kilo 65 ahitaji kama gramu 104. Wala si lazima zitoke katika makopo ya unga yauzwayo kwa bei ghali. Gramu 100 za samaki zina protini kama gramu 20, yai lina gramu 6, bilauri ya maziwa ina gramu 8, na maharagwe, pojo na mbaazi zina sehemu yake njema. Tatu, asile akaanguka kitandani papo hapo. Saa mbili za nafasi humwokoa na kiungulia. Nne, asiuibe usingizi, kwa kuwa fundi asiyepewa muda hajengi, hata akiletewa mawe na chokaa. Na mwenye ugonjwa wa sukari au vidonda vya tumbo amwulize daktari wake kwanza.

Wazee wetu husema kwamba mwili haujengwi kwa matofali bali kwa chakula. Historia tuliyoipitia, kutoka meza za Mogadishu hadi vyumba vya Maastricht, haikuyapinga maneno hayo, bali imeyatia kipimo. Kijana wa Shelly Beach arudiye usiku mikono ikimwuma asiogope sahani ya wali mchache, samaki na kunde iliyofunikwa ikimngoja. Ameitolea jasho, na mwili wake unaihitaji.