Kikatio cha maganda ya risasi: kazi yake na namna ya kukichagua

Nchini Marekani, wawindaji na wapiga shabaha wengi hujitengenezea risasi nyumbani kwa kutumia maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Idadi yao iliongezeka katika miaka ya 2020 na 2021, pale risasi zilipoadimika madukani. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haimtaki mtu kuwa na leseni ikiwa anatengeneza risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ila anayetengeneza kwa ajili ya biashara hana budi kuwa nayo. Tanzania na Kenya mambo ni tofauti, kwani huko kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai.

Miongoni mwa vifaa vya kazi hiyo kimo kimoja ambacho wanaoanza hukidharau, nacho ni kikatio, yaani chombo cha kupunguzia urefu wa ganda. Bei yake yaweza kuwa ndogo kuliko ya boksi moja la risasi, au ikafikia mamia ya dola. Asiyejua kwa nini ganda hukatwa hawezi kujua ni kikatio kipi kinachomfaa.

Ganda hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa takribani asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo yana sifa ya kunyumbuka. Baruti inapowaka, gesi hulisukuma ganda hadi likagandamana na kuta za chemba, kisha hulegea kidogo na kuweza kutolewa. Ili litumike tena, hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma inayolirudishia wembamba wake wa awali. Shaba iliyobanwa ubavuni haina pa kwenda isipokuwa mbele, kuelekea shingoni. Kitufe cha kupanulia shingo nacho, kinapovutwa kutoka ndani, huiburuta zaidi. Ndiyo maana kila mzunguko ganda la bunduki ndefu huzidi kurefuka.

Kurefuka huko hakuonekani kwa macho. Kwa risasi ya .223 Remington, ganda halitakiwi kuzidi inchi 1.760, sawa na milimita 44.70, na likikatwa hupunguzwa hadi inchi 1.750. Kwa .308 Winchester kikomo ni inchi 2.015, nalo hukatwa hadi 2.005. Tofauti kati ya kikomo na kipimo cha kukatia ni robo ya milimita, unene wa karatasi mbili au tatu za ofisini. Vipimo vya namna hii husimamiwa Marekani na SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi iliyoanzishwa mwaka 1926.

Hatari ya kuvuka kikomo ni hii. Mbele ya chemba, mtutu huanza kuwa mwembamba. Ganda lililorefuka kupita kiasi huingiza mdomo wake katika wembamba huo, ukabanwa na kukikaba kichwa cha risasi. Baruti inapowaka, shingo haina nafasi ya kutanuka ili kukiachia kichwa hicho. Shinikizo hupanda ghafla kupita kiwango ambacho bunduki iliundiwa. Matokeo yake ni komeo kukwama, fataki kutoboka, na katika hali mbaya zaidi silaha kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Si kila ganda lina tatizo hilo. Maganda yaliyonyooka ya bastola, kama ya milimita 9 au .45 ACP, hurefuka kidogo sana na mara nyingi hupungua urefu kadiri yanavyotumika. Wengi hawayakati kabisa, na hawakosei. Kwa upande mwingine, .30-30 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1895, huhitaji maganda yenye urefu mmoja hata kabla ya kufikia kikomo. Risasi hizo hukaa mfululizo ndani ya bomba chini ya mtutu, hivyo mdomo wa ganda hukunjwa kukishika kichwa kisisukumwe ndani. Maganda yakitofautiana urefu, mkunjo mmoja hukaza na mwingine hulegea.

Sasa kuhusu kuchagua. Matangazo ya vifaa hivi husifu kasi, nguvu ya mota na ubora wa wembe. Swali lenye maana zaidi ni kikatio kinaanza kupima kutoka wapi.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni cha mtindo wa Lee. Kijiti cha chuma hupita ndani ya ganda, kikapenya tundu la moto kitakoni na kugota kwenye kishikio, na wembe husimama hapo hapo. Urefu umepangwa kiwandani, na kila aina ya risasi ina kijiti chake. Huo ni upungufu kwa mwenye bunduki nyingi, lakini pia ni kinga, kwa maana hakuna skrubu ya kusahau kukaza. Kwa anayekata maganda hamsini kwa mwezi, ni vigumu kuona sababu ya kununua kingine.

Kundi la pili ni vikatio vya mfano wa kerezo ndogo, vyenye mpini wa kuzungusha, kama vya Forster na L.E. Wilson. Hivi hurekebishwa kwa risasi yoyote. Forster hulibana ganda kwa ukingo wa kitako, na pale ambapo kingo hazilingani, urefu nao huyumba kidogo. Wilson hulishika ganda ubavuni ndani ya mkebe wake na kupima kutoka kitakoni, jambo linalowapendeza wapiga shabaha wa masafa marefu. Ubaya wake ni mwendo wa taratibu.

Kundi la tatu hutumia umeme, kama mashine ya Giraud, au hufungwa kwenye drili. Hapa ganda huegemea bega lake badala ya kitako. Kasi yake ni kubwa mno, na Giraud hukata na kulainisha mdomo ndani na nje kwa mara moja. Lakini bega hubadilika mahali kila ganda linapofyatuliwa. Akata maganda kabla ya kuyapitisha kwenye kalibu, na kila moja litatoka na urefu wake.

Utaratibu huo wa kalibu kwanza unahusu vikatio vyote, kwa kuwa kupita kwenye kalibu ndiko kunakorefusha. Baada ya hapo ganda hufutwa mafuta, hupimwa kwa kalipa, na lililozidi kikomo hukatwa. Wembe huacha ncha kali mdomoni, nazo huondolewa ndani na nje kwa kinoleo kidogo cha mkono. Zisipoondolewa hukwangua kichwa cha risasi kinapoingizwa. Chenga za shaba hukung'utwa. Mikono nayo huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani masizi ya fataki nyingi yana madini ya risasi yenye sumu.

Kuna jambo ambalo kikatio hakiwezi kulitibu. Shaba inayokatwa mdomoni imetoka mahali fulani, na mahali hapo ni ukuta wa ganda juu kidogo ya kitako. Ganda lililokatwa mara kadhaa limekonda sehemu hiyo, hata kama urefu wake unalingana na jedwali. Dalili yake ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda kwa nje, na ndani mfereji usioonekana. Huupata kwa waya mwembamba uliopindwa ncha, ukiingizwa hadi chini na kuvutwa juu taratibu ukikwaruza ukuta. Ncha ikidumbukia, ganda hilo limekwisha. Wengi huuponda mdomo wake kwa koleo papo hapo, lisije likarudi katika kopo la mazima, kisha huliuza pamoja na vyuma chakavu.